Nani Anamuua Fundi wa Redio?

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya fedheha. Na ya utukufu pia, ila utukufu huo kwa sasa naujua mimi peke yangu.

Daktari Bingwa aliniita ofisini mwake baada ya raundi. Hakunikaribisha kiti. Miwani yake huning'inia kifuani kwa mnyororo. Akiivaa, ujue anasoma. Akiivua, ujue mtu amekwisha. Aliivua. Alitaka kujua ni kwa idhini ya nani niliwazuia watu wasichukue maiti ya babu yao mochwari, hali gari limeshawashwa na wanawake wameshaanza kulia upya. Nikamweleza, kwa utaratibu na kwa hoja, kwamba marehemu alikuwa na tabasamu usoni, na kwamba ziko sumu zinazokaza misuli ya uso. Akaniuliza marehemu alikuwa na umri gani. Nikamjibu kwamba umri si kinga dhidi ya uhalifu. Akasema mzee yule alikuwa na vitukuu wenye ndevu, alikufa usingizini akiwa ameshiba, na kwamba yeye mwenyewe anaomba aondoke duniani vivyo hivyo.

Hii ni kesi yangu ya pili. Ya kwanza ilikuwa ile ya mpishi wa hospitali, ambayo hadi leo naamini ilizimwa kwa maslahi ya jikoni.

Hukumu: nikimtuhumu mtu mwingine yeyote kwa mauaji, Bingwa hatatia saini cheti changu cha uanagenzi. Nitairudia wodi ya wanaume tangu mwanzo! Wenzangu watakuwa madaktari kamili, mimi bado natumwa kutafuta glavu.

Medali alikuwa mlangoni, bila shaka akisikiliza. Medali ni mwanagenzi mwenzangu, msichana mwenye sura ya upole usio wa kweli. Alipata medali katika mtihani wa mwisho. Mimi nikawa wa pili, kwa tofauti ambayo bado naipinga. Sasa ananiita Inspekta. Alinitonya, kwa sauti ya kufika hadi chumba cha sindano, kwamba mgonjwa wa kitanda cha kona anapiga chafya kwa namna ya kutia shaka, eti niende nikamhoji. Wauguzi walicheka. Sista Mkuu, ambaye ni mtu mzima na angepaswa kuwa na staha, alishika ukuta.

Nilikwenda kwa mgonjwa wangu wa kujivunia, Fundi Redio, kitanda cha dirishani. Aliletwa wiki jana miguu imevimba, akihema kama aliyebeba gunia. Moyo umechoka. Nani aligundua sababu? Mimi! Mzee alikuwa akisahau kidonge chake cha moyo kila alipozama katika waya zake. Nikatunga hotuba. Hospitali yetu hutoa kadi moja tu ya mgeni kwa kila mgonjwa, kwa hiyo ndugu huingia mmojammoja, wakipokezana kadi langoni. Nimemvizia kila mmoja kando ya kitanda na kumpa hotuba nzima: kwamba kidonge hiki ni uhai, kwamba kisirukwe hata siku moja, kwamba asimwachie mtu mwingine jukumu hili, bali ajione ni yeye peke yake aliyesimama baina ya mzee na kaburi. Binti Mkubwa alitoa machozi. Binti Mdogo alinishika mkono asiuachie. Baba yao mdogo, yaani mdogo wake Fundi, alivua kofia.

Hicho ni kipaji. Hakitolewi medali.

Jumanne, 4 Machi

Kesi! Kesi halisi!

Fundi Redio, ambaye tangu Ijumaa alikuwa akitembea hadi dirishani, leo hataki chakula. Anatapika. Alimwuliza Sista Mkuu kwa adabu kwa nini amekuja kazini na sare ya manjano. Sare ni nyeupe kama karatasi. Taa nayo anaiona imevikwa pete ya manjano. Mapigo ya moyo yamepungua, yanakuja kwa kusitasita, kama mgeni asiye na uhakika wa nyumba.

Mtu aliyekuwa akipona haanzi kufa bila msaada wa mtu. Hilo ni neno langu, na nimelipigia mstari.

Nilianza uchunguzi wa chanzo, bila kumtuhumu yeyote, hivyo siko kinyume cha amri. Matokeo ni ya kutisha. Mabinti wawili wa Fundi hawasemezani! Wamenuniana tangu mama yao afariki. Wakikutana langoni, Binti Mkubwa huiweka kadi juu ya meza ya mlinzi, hugeuka, ndipo Binti Mdogo huiokota. Mikono haigusani. Baba Mdogo naye hawaamkii wote wawili. Nilimwuliza mlinzi chanzo cha ugomvi. Akasema yeye ni mlinzi wa lango, si wa ukoo.

Ila kibanda cha Fundi cha kutengenezea redio, ambacho lazima mtu akirithi, kipo penye makutano ya barabara mbili zenye wateja. Nahitaji kusema zaidi?

Medali alipita akatazama mgonjwa, akakunja uso, akasema dalili hizi zinafanana na za mtu aliyezidishiwa dawa ya moyo. Nikamwonyesha jedwali la wodi: kidonge kimoja kwa siku, saini ya muuguzi kila asubuhi. Wazo limekufa. Lingekuwa wazo zuri kama lingetoka kwa mtu mwingine.

Jumatano, 5 Machi

Bingwa amemsikiliza Medali! Ameamuru kidonge cha moyo kisimamishwe wodini mara moja, na damu ipelekwe maabara ya mbali kwa kuwa mashine yetu imeharibika. Majibu wiki ijayo. Nilipinga. Niliongea kwa kirefu. Bingwa akavua miwani. Nikafupisha.

Basi nikabaki na njia yangu. Sumu huingia kwa mdomo. Kwa hiyo chakula ndicho njia. Kila mgeni huja na chombo cha chakula. Nilitangaza utaratibu mpya, niliouita Ukaguzi wa Lishe, unaomtaka kila ndugu anikabidhi chombo kwanza. Supu ya kuku ya Binti Mkubwa: niliionja. Kijiko kimoja hakitoshi kisayansi, kwani sumu yaweza kutuama chini. Nikafika chini. Binti Mdogo alileta wali na samaki. Sampuli ikahitaji kuwa kubwa kwa sababu ya mifupa. Baba Mdogo alileta ndizi na maziwa ya mgando.

Baada ya Baba Mdogo kuondoka, tumbo lilinikata hata nikashika kitasa cha mlango kwa mikono miwili. Jasho! Giza! Nilimwambia Sista Mkuu, kwa sauti ya mtu anayeaga, kwamba hatimaye ushahidi umepatikana na umo ndani yangu. Akanilaza kwenye benchi. Bingwa akaja, akaniminya tumbo, akauliza nimekula nini. Nilipomaliza kumtajia akasema ugonjwa huo anaufahamu, unaitwa ulafi, na dawa yake ni kutembea.

Sista Mkuu akaniambia, "Mwanangu, ungesema tu kama una njaa."

Mbaya zaidi: mzee wa watu hakula kitu. Ilibidi Medali amkorogee uji. Alinitazama wakati akikoroga. Nikajitia kusoma ubao wa matangazo.

Hata hivyo, zingatia hili, ewe shajara: kidonge kimesimamishwa tangu asubuhi, na jioni mapigo yamepungua zaidi. Medali hana la kusema. Mimi ninalo, ila nimekatazwa kulisema.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwona muuaji kwa macho yangu mawili!

Mpango ulikuwa mwepesi na mzuri. Kitanda cha jirani ya Fundi kilikuwa wazi. Kabla ya saa ya wageni nilivaa gauni la mgonjwa, nikajilaza, nikajifunika shuka hadi puani, nikaacha jicho moja.

Sikuwa nimezingatia kwamba Alhamisi ni siku ya wanafunzi. Medali aliingia na kundi zima la makoti mapya. Akasimama moja kwa moja miguuni pangu. Najua alinitambua, soksi zangu ni za mistari. Akawaambia wanafunzi, kwa sauti tamu kabisa, kwamba leo wana bahati, wamepata mgonjwa adimu, kijana mwenye maradhi sugu ya kujiona. Haumwi popote, akasema, ila anaamini hakuna mwenye akili ila yeye. Wakaandika! Kisha akawaruhusu wajifunze kupapasa bandama. Mikono ya barafu. Mmoja mmoja. Mwingine alisema ameipata, mwenzake akambishia kuwa huo ni ubavu, ikabidi warudie wote.

Nami siwezi kupiga kelele, kwa maana wakati huohuo, kando ya kiwiko cha mwanafunzi mnene, Baba Mdogo ameinama juu ya Fundi. Namsikia akinong'ona: "Kaka, meza upesi kabla hao wasichana hawajaja. Na usiwaambie." Akatia kitu cheupe mdomoni mwa mzee. Akampa maji. Akampangusa kidevu, kwa upole. Ndiyo! Kwa upole! Ubaridi wa moyo ulioje!

Nilipojinasua, Baba Mdogo keshatoka. Nilimkimbiza hadi korido. Gauni la mgonjwa halifungi nyuma. Sitaandika zaidi.

Medali alinifuata na koti langu. Nikamweleza nilichokiona. Kwa mara ya kwanza hakutania. Alisema twende kwa Bingwa sasa hivi. Nikakataa. Kitu cheupe ni nini? Peremende? Jino? Mkuki wa hoja hurushwa mara moja, na mimi nimebakiwa na mmoja. Nikamtaka anipe hadi kesho. Akasema huyu ni mtu, si kesi. Nikamwambia hapo ndipo tunapotofautiana, kwa maana kwangu ni vyote viwili. Akasema atanipa hadi kesho, lakini hatatoka karibu na kile kitanda.

Kazi niliyoifanya mara moja: nilimwagiza mlinzi asimruhusu Baba Mdogo kuingia. Alidai sababu. Nikasema kifua kikuu.

Ijumaa, 7 Machi

Sielewi.

Baba Mdogo amesimama nje ya lango kutwa nzima, hakohoi, buheri wa afya, akipunga kofia kuelekea dirisha ambalo hata si la wodi yetu. Hakuingia. Hakutuma kitu. Medali hakutoka pale kitandani ila alipoitwa kwenye dharura, mara moja asubuhi na mara moja alasiri. Na mapigo ya Fundi yameshuka tena! Yameshuka hata Bingwa akamsikiliza kifuani muda mrefu, kisha akasikiliza tena, mahali palepale. Sijawahi kumwona Bingwa akirudia kitu. Nisingependa kumwona tena.

Uamuzi: kesho mchana Fundi atapelekwa hospitali kubwa, akawekewe chombo cha kuuendesha moyo. Barabara ni ndefu. Bingwa alituambia mimi na Medali, pembeni, kwamba hana hakika kama moyo ule utaivumilia barabara hiyo. Alisema tungeujua ugonjwa tungeutibu hapahapa. Hatuujui. Kila alichofanya kilipaswa kumsaidia, na hakimsaidii. Medali alitaka kutaja kile kitu cheupe; nikamnong'oneza kwamba leo Baba Mdogo hakuingia na mapigo yameshuka vilevile, akasita.

Nilikaa na Fundi jioni. Anaongea kidogo kidogo. Anajua hali yake; ni mimi niliyekuwa nimejiandaa kumdanganya, akaniondolea taabu. Aliniambia nisihangaike, eti redio nyingi zilizoletwa kwake zikiwa zimekufa zilikuwa na kitu kidogo tu kilicholegea, ila wenyewe hupenda kudhani kubwa limetokea. Halafu akaniuliza kama nimekula. Kila mtu katika hospitali hii sasa ananiuliza kama nimekula.

Nampenda mzee huyu. Naliandika hilo kama jambo la kitaalamu tu.

Nimefikiri upya. Kama Baba Mdogo hakuingia na sumu imeingia, basi hayuko peke yake. Kumbe! Wamekula njama! Wote watatu! Kununiana kwao ni kiini macho, ili asiyejua aseme hawawezi kushirikiana hata kununua chumvi. Ni ustadi. Nawavulia kofia, kisha nawafunga pingu.

Nitawakusanya kesho kabla ya gari la wagonjwa kuja. Wote chumba kimoja, mshitaki mmoja. Cheti changu? Kichanike. Mzee haendi barabarani na muuaji wake akimpungia mkono.

Jumamosi, 8 Machi

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilimpigia kila mmoja simu kwa siri, nikamwambia aje peke yake, kwani tunataka kuamua mzee ataishi nyumbani kwa nani akitoka. Walifika wote kabla mlinzi hajafungua lango. Mlinzi akasema kadi ni moja. Nikawapitisha mlango wa dobi, baina ya marundo ya mashuka, mimi nikiwa katikati kama ukuta. Binti Mkubwa alinitaka nimwambie "huyo" asimkanyage. Binti Mdogo akanitaka nimjibu "mama mwenye barabara" kwamba sakafu ni ya serikali. Baba Mdogo akasema haya ndiyo yaliyomwua shemeji yake kwa kihoro. Wote wawili wakamgeukia wakamwambia yeye anyamaze kabisa, tena kwa pamoja, neno kwa neno. Njama, nikajisemea. Hata maneno wamepanga!

Tukaingia wodini. Bingwa alikuwa kando ya kitanda cha Fundi pamoja na Medali na Sista Mkuu, wakimwandaa kwa safari. Bingwa alituangalia, kichwa kimoja baada ya kingine, akaishika miwani. Nikaona nisipoanza sasa sitaanza tena.

Nilianza. Sauti ilitoka vizuri. Niligusia asili ya uovu katika historia ya binadamu. Niligusia kibanda cha makutano. Bingwa alisema jina langu mara moja tu, taratibu, na hiyo ndiyo hatari yake. Nikaruka kurasa, nikamnyooshea kidole Baba Mdogo: nilikuwa nimelala kitanda hiki hapa Alhamisi, na nimemwona akimtilia kaka yake kitu cheupe mdomoni, kwa siri!

Baba Mdogo alishikwa na butwaa. Kisha akaniuliza, kwa unyonge kabisa, kosa lake ni nini. Alikuwa akimpa kaka kidonge chake cha moyo, kama alivyoelekezwa. Akatoa chupa mfukoni, ile ya kibandani. Alifanya kwa siri kwa kuwa wasichana hawa wangesema amejipendekeza.

Binti Mkubwa akasema, "Kidonge gani, baba mdogo? Kidonge nampa mimi! Kila asubuhi!" Akafungua mkoba. Chupa nyingine. Aliinunua mpya, aiweke kwenye chumba alichomtayarishia baba nyumbani kwake.

Binti Mdogo alikuwa ameshakaa kitini bila kukaribishwa. Akasema polepole kwamba hata yeye. Kila alasiri, hata jana. Chupa ya tatu. Naye amepaka rangi chumba.

Nilisikia mashine ya dobi ukutani.

Bingwa akavaa miwani. Akazisoma chupa zote. Akauliza, kwa sauti ya chini, nani aliwaambia wampe mgonjwa dawa wodini. Wakajibu kwamba ni daktari. Aliwaambia wasimwachie mtu mwingine. Aliwaambia kila mmoja ajione yupo peke yake. Daktari gani?

Vidole vitatu.

Fundi mwenyewe akaongea, kichwa kikiwa bado juu ya mto, kwa taabu. Alisema wasimlaumu kijana. Alijua kwamba vidonge vinazidi. Lakini angemkatalia mmoja, huyo angejua kwamba mwenzake amemtangulia, na vita vingeanza. Tangu mama yao aondoke, kila Jumapili yeye hula chakula cha mchana mara mbili, kwa huyu na kwa yule, na kote hujifanya amekuja na njaa. Amezoea. Alidhani vidonge navyo ni hivyohivyo.

Binti Mkubwa ndiye alianza kulia. Binti Mdogo akamwambia aache, asimtie baba hofu, huku yeye mwenyewe machozi yanamtoka. Ndipo Binti Mkubwa akamwambia, si kwa kupitia mtu, akamwambia yeye: "Na wewe umepaka rangi gani?"

Bingwa hakusubiri kusikia rangi. Alitoa amri mfululizo: chupa zote mezani, gari lisubiri, sindano ya kuinua mapigo, mashine ya moyo isiondolewe kifuani, mtu akae naye saa zote. Sasa tunaujua, alisema, na tunaweza. Medali keshafika kabatini kabla sentensi haijaisha. Nikamshikia trei. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Lazima niwe mkweli mahali fulani. Basi na iwe hapa.

Kufikia jioni mapigo yalikuwa yamepanda. Kidogo. Lakini yamepanda! Gari limerudishwa.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi Fundi alifumbua macho, akamtazama Sista Mkuu juu hadi chini, akasema: "Nyeupe." Sista alikwenda chumba cha dawa akakaa humo kidogo. Alipotoka alidai kwamba ni vumbi.

Amekula. Ameomba bisibisi. Redio ya chumba cha wauguzi, iliyokuwa ikikoroma tangu nije hapa, sasa inasoma taarifa ya habari kwa sauti ya binadamu.

Niliitwa kwa Bingwa. Leo kulikuwa na kiti. Alisema katika miaka yake yote ya udaktari hajapata kukutana na mtu aliyekaribia kumwua mgonjwa kwa ufasaha. Pia hajapata kukutana na mtu aliyehatarisha cheti chake kwa ajili ya mgonjwa kwa sababu ambazo hata moja si sahihi, na kumwokoa. Amekesha na jambo hilo, akashindwa kulipatia adhabu. Mwishowe ameamua mambo mawili. La kwanza, kuanzia wiki hii, kila Jumatatu lango litafunguliwa kwa ndugu wote wa mgonjwa kwa pamoja, kadi au pasipo kadi, na daktari atazungumza nao wakiwa wamekaa chumba kimoja, wakisikia maneno mamoja. La pili, atatia saini. Kwa sharti kwamba nisichunguze mauaji tena.

Nikamkumbusha kwamba hapakuwa na mauaji, hivyo kimantiki sikuwahi kuchunguza mauaji, na sharti halinigusi. Akaelekeza mkono kwenye miwani. Nikalisaini sharti.

Nilipotoka nililitafakari suala lote kwa utulivu. Nani aliyewakusanya watu watatu wasiosemezana? Nani aliyewahoji hadi wakatoa vielelezo? Na kama ilitokea kwamba mhusika mkuu alikuwa mimi, je, ni wapelelezi wangapi wenye ujasiri wa kufuata ushahidi hadi mlangoni kwao wenyewe? Hotuba haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba ilitiiwa.

Medali hajaniita Inspekta tangu Jumamosi. Alinipa nusu ya andazi lake. Kwa nini nusu? Ile nyingine ina nini?

Jumatano, 12 Machi

Fundi Redio ameruhusiwa! Katoka kwa miguu yake. Alikataa kiti cha magurudumu, akasema akipande nani, labda daktari, amechoka zaidi.

Amekwisha kutoa hukumu kuhusu makazi. Haendi kwa Binti Mkubwa wala kwa Binti Mdogo. Anarudi chumba cha nyuma ya kibanda, Baba Mdogo atalala naye, na mabinti watakuja kula kwake Jumapili, wote, meza moja, chakula kimoja. Kidonge kitatolewa na yeye mwenyewe mbele ya mashahidi. Mabinti walikubali bila ubishi. Waliongozana mbele yangu hadi langoni, wamebeba mfuko mmoja, kila mmoja ameshika mkono wake wa mfuko, wakibishana kuhusu rangi ya pazia. Baba Mdogo alinipa mkono kwa furaha, akaniuliza kama kifua chake sasa ki salama.

Mzee alinikumbatia. Alisema nikipata redio mbovu nimpelekee, sitalipa. Nilikuwa na hotuba fupi ya kuagana, lakini nilijikuta nikimfunga vifungo vya koti.

Medali alisimama karibu nami kwenye ngazi, akipunga. Alisema, bila utani wowote, kwamba ni jambo zuri sana kuona watu wakitoka hivi. Nikakubali. Tukatazama gari lao la kukodi likigeuka. Kwenye kiti cha nyuma mabinti wale wawili walikuwa wamekaa bega kwa bega na Baba Mdogo, na nikawaona waziwazi, wote watatu, wakicheka.

Wakicheka!

Sasa, hebu tulifikiri kwa makini. Watu watatu ambao kwa muda wote huo hawakuweza kupeana hata kadi mkono kwa mkono. Leo, ghafla, kiti kimoja. Kicheko kimoja. Na mzee amewekwa mbele peke yake, na mkanda amefungwa na wao.

Nimeandika namba ya gari.